Vifungo vya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea mama yake maji na kidonge. Mama alikuwa fundi cherehani. Akishameza, alitumbukiza kifungo kimoja kwenye chupa ya kioo, na kila Jumamosi mama mdogo alikuja kuvihesabu ajue kama hakuna siku iliyorukwa.

Mama aliugua sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Miezi mingi alilala akiutazama ukuta, nguo za wateja zikirundikana. Dawa ya kwanza ilimsinzisha mchana kutwa bila nafuu, daktari akaibadilisha. Ya pili, baada ya wiki kadhaa, ikamkubali. Cherehani ikalia tena, na mama akaanza kumtania bintiye kwamba mdomo wake hauna breki.

"Mama, umeshapona," Chiriku alimwambia siku moja. "Achana na vidonge. Shuleni wanasema ni dawa za wazimu."

Mama aliona haya. "Na mama yako mdogo je?"

"Niachie mimi."

Basi Chiriku akawa anatumbukiza vifungo mwenyewe. Jumamosi hesabu ilitimia, mama mdogo akawapongeza. Lo! Pongezi zile zilimchoma mtoto kama mwiba wa samaki.

Wiki ya tatu cherehani ilinyamaza. Mama akageukia ukuta, chai ikapoa mezani.

"Mbona hivi, na vifungo vimetimia?" mama mdogo alishangaa.

Chiriku alipima moyoni. Akisema, atagombezwa. Asiposema, atampoteza mama. Akaangua kilio. "Navitia mimi, mama mdogo! Vidonge vyote viko kwenye droo."

Mama mdogo hakumgombeza. Siku hiyohiyo walimpeleka mama kliniki.

"Nafuu mliyoiona ilikuwa kazi ya dawa," daktari alieleza. "Si kila dawa huachwa mtu akijisikia vizuri. Siku ya kuacha ikifika nitawaambia mimi, na tutapunguza kidogo kidogo."

Mama alianza tena dawa. Nafuu haikuja kwa kufumba na kufumbua. Wiki zilipita, ndipo asubuhi moja Chiriku akaamshwa na mlio wa cherehani. Alikimbia akamkumbatia mama kwa furaha.

"Mwanangu, tulikosea sote wawili," mama alisema. "Wewe ulidanganya, mimi nikaona aibu kuwa mgonjwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeokolewa na huo mdomo wako usio na breki."

Akameza kidonge, akatumbukiza kifungo chupani kwa mkono wake mwenyewe.