Hata Mama Yangu Hulipa

Foleni ya ofisi ya vitambulisho ilikuwa imezunguka jengo zima asubuhi ile, na kila aliyekuwamo alijiona ana haraka kuliko mwenzake. Kando ya mlango, mpiga picha alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na kuweka kigoda mbele yake. Alikuwa kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama. Watu walimwita Kidevu, kwa kuwa hakuna aliyekalia kigoda kile bila kuambiwa, "Inua kidevu."

Juu ya shuka palikuwa na ubao: HAPA HAKUNA BURE. HATA MAMA YANGU HULIPA.

Muuguzi mmoja alifika akihema, gauni lake la kazi jeupe, saa ndogo ikining'inia kifuani.

"Inua kidevu, sista."

Akainua, akafumba macho. Mara ya pili akafumba tena. Kidevu akashusha kamera.

"Sista, umelala?"

"Nimetoka zamu. Nimezalisha watano."

"Hongera. Sasa nizalishie na mimi picha moja."

Foleni ikaangua kicheko. Muuguzi naye akaanza kucheka, Kidevu akabonyeza; macho yakafunguka yote mawili, akabonyeza tena.

"Nipunguzie basi," alisema akipokea picha zake.

"Umesoma ubao?"

"Nimesoma. Kweli mama yako hulipa?"

"Utamuuliza mwenyewe nikikupeleka kwetu."

"Nani kakuambia nitakwenda kwenu?"

"Macho yako. Yamefunguka."

Alilipa, akaondoka akinung'unika huku anatabasamu. Jioni alipiga namba iliyogongwa muhuri nyuma ya picha, akidai anataka nakala mbili zaidi. Nakala hizo hakuzifuata kamwe. Alichofuata ni chai, kisha matembezi ya Jumapili, akiwa amevaa gauni la bluu lenye mkanda mwembamba, naye Kidevu akiwa na kamera begani kama mtu aliyebeba mtoto.

Walipendana kwa kubishana, na ubishi wao ulikuwa mmoja.

"Mpenzi, picha si unabonyeza tu?"

"Na mtoto si anatoka tu?"

"Usinifananishie kazi! Mimi nasaidia watu."

"Na mshahara unapokea. Kinyozi hulipwa, fundi viatu hulipwa. Nikifika mimi, kila mtu anataka kusaidiwa. Mwenye ukumbi wa harusi kaniambia, 'Piga bure, utapata jina.' Nikamwambia jina ninalo, alinipa baba."

"Yule tajiri, sawa. Lakini wapo wasio na kitu, Kidevu."

Hapo Kidevu alianza kufuta lenzi ya kamera. Hakumwambia muuguzi habari za mzee aliyemfundisha kazi. Mzee yule aligawa picha mtaa mzima, akasifiwa sana. Siku moja aliingia nyumba ya jirani, akaikuta picha yake nzuri kuliko zote, ya bibi mwenye nyumba mwenyewe, imekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Mwezi wa sita, muuguzi alimjia na ombi. Matroni wa wodi ya wazazi alitaka kila mama aliyejifungua arudi nyumbani na picha ya mwanawe.

"Nimemwambia utapiga bure. Usiniaibishe, mpenzi wangu."

Kidevu alikuna kichwa. "Nitakuja," alisema, na hakuongeza neno.

Alikuja. Muuguzi alikuwa chumba cha kujifungulia kutwa nzima, hakumwona. Alipotoka, mzazi wa kitanda namba sita alikuwa ameishika picha kwa vidole viwili, akiipepea taratibu.

"Nimemlipa yule bwana wenu," alisema kwa furaha.

Muuguzi hakungoja kusikia zaidi. Mama yule alikuwa ameletwa wodini hana hata nguo ya kubadilisha. Na matroni alikuwa amesimama pale pale, amesikia.

"Binti yangu," alisema matroni polepole, "si uliniambia bure?"

Muuguzi alipiga simu papo hapo.

"Umechukua malipo kwa mzazi wa namba sita?"

"Nimechukua. Mpenzi, ngoja nikuele—"

"Kumbe ule ubao si mzaha! Wewe ungemtoza hata maiti!"

Akakata. Simu ilipoita tena akakata tena, mara nne, kisha akaifungia namba ile kabisa. Gauni la bluu alilisukuma chini kabisa ya sanduku. Wenzake walipomuuliza habari za Bwana Kidevu, alijibu kwamba hamjui.

Wiki sita baadaye, siku ya chanjo, mzazi wa namba sita alirudi. Mtoto alikuwa amenenepa mashavu. Muuguzi alimvuta pembeni, akafungua pochi yake.

"Mama, nataka nikurudishie ulichomlipa yule mpiga picha."

Mama yule alimkodolea macho. "Utakitoa wapi, sista?"

"Kitu gani?"

"Kifungo changu."

Alifunua shingo ya gauni lake. Mahali pa kifungo cha juu palikuwa na pini.

"Nilimwambia sina kitu. Akasema, 'Huna kitu kabisa? Na hicho?' Nikakikata kwa meno, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili."

Mama mwingine kwenye benchi akadakia, "Mimi nilimpa ndimu mbili. Alitaka moja, nikamkatalia!"

"Mimi nilimwimbia," alisema wa tatu. "Akasema nimezidisha, akaniongezea nakala."

Benchi zima likacheka. Muuguzi hakucheka.

"Lakini kwa nini asiwape tu?"

Mzazi wa namba sita alitoa picha kwenye mkoba, imefungwa ndani ya mfuko safi wa plastiki. "Sista, siku ile kila kitu nilipewa. Sabuni ya kupewa, nguo za mtoto za kupewa. Nashukuru. Lakini hii nilinunua. Mwanangu akikua nitamwambia, hii nilikununulia mimi."

Muuguzi alimaliza zamu, akaenda moja kwa moja kwenye studio ndogo ya Kidevu, na viatu vya kazi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita alihisi kifua kimefunguka, akavuta pumzi mpaka mwisho wake.

Ndani alimkuta mama mtu mzima amekaa kwenye kigoda, kidevu juu, birika la chai na vikombe viwili miguuni.

"Karibu, mwanangu. Nimekuja kulipa," alisema mama akionyesha birika. "Nikija bila chai, hanipigi."

Kidevu alibaki na kamera mkononi. Rafuni nyuma yake palikuwa na bakuli la udongo, na ndani yake kifungo chekundu.

"Kwa nini hukuniambia?" muuguzi aliuliza.

"Ulikata simu mara nne."

"Kabla ya hapo!"

Kidevu aliinamisha kichwa. "Hapo nilikosa mimi. Nilijua umeahidi bure, nikanyamaza. Nimekuaibisha kwa matroni. Kesho nitakwenda kumwomba radhi."

"Tutakwenda wote. Na mimi nilikuita mtoza maiti."

"Hilo limeniuma."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

Muuguzi alimwona akishusha mabega, kama aliyetua mzigo aliosafiri nao. Kisha Kidevu alifungua droo, akatoa picha: yeye muuguzi, siku ya foleni, macho yamefumbwa, mdomo unaanza kucheka.

"Hii si imeharibika?"

"Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Nipe basi."

"Umesoma ubao?"

"Mungu wangu! Bei gani?"

"Kubwa. Hutaiweza kwa mara moja."

Muuguzi aliikumbatia picha kifuani, juu ya ile saa ndogo. "Nitalipa kidogo kidogo. Kila siku."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka tuzeeke. Nami nitakaa hapa hapa kwako, usihangaike kunitafuta kunidai."

Kidevu aliiweka kamera rafuni, akaichukua tena. Mama yake akamgonga mguu kwa kikombe.

"Mjibu mwenzio, chai inapoa."

"Nimekubali," alisema Kidevu, akainamisha uso.

"Basi inua kidevu," muuguzi akamwambia, akamfuta machozi.