Kamera ya Chumba cha Wanawake

Asubuhi nyingi Nabila husuka vifuniko vya ukindu mbele ya nyumba yao mjini Koboko, Uganda. Vikiisha, anavipeleka sokoni. Mwisho wa wiki anapiga picha za harusi. Kazi hii ya pili ndiyo anayoipenda.

Katika harusi za Wanubi wa Koboko, wanawake wana chumba chao. Humo bibi harusi hupakwa hina. Ngoma ya doluka hupigwa, na wanawake waliojifunga gurbaba, nguo yao ya kiunoni, hucheza mpaka jasho linawatoka. Mwanamume haingii, hata awe na kamera ya dhahabu. Kwa hiyo picha za humo ni za Nabila.

Lakini kamera yake ilikuwa ile ndogo ya kutia mfukoni. Nje, juani, ilifanya kazi vizuri. Ndani ya chumba ilikuwa taabu tupu. Nabila alibonyeza, kamera ikafikiri kwanza, halafu ikapiga wakati mchezaji ameshapita. Akiwasha taa yake, nyuso zilikuwa nyeupe kama unga. Akiizima, watu hawakujulikana ni nani.

Siku moja bibi yake alikuwa anatazama picha za harusi iliyopita. Nyumba nzima humwita Habuba, yaani bibi. Alizigeuza picha huku na huku.

“Mimi iko wapi hapa?” aliuliza.

“Huyu hapa, Habuba. Huyu nacheza.”

“Huyu? Huyu iko moshi!”

Nabila aliona aibu. Habuba akaweka picha chini.

“Sikia, mtoto wangu. Mimi iko na picha moja tu, ya kitambulisho. Pale mimi nakaa kama mutu aliiba mbuzi. Sasa harusi ya Hawah nakuja, na magoti yangu nakwisha. Hiyo ndiyo doluka yangu ya mwisho. Mimi nataka picha ya mimi nacheza.”

Hawah alikuwa mdogo wake Nabila. Kaka yao mkubwa, Siraji, muuza nguo, alikuwa anakunywa chai pale. Akacheka.

“Habuba, wewe na fimbo yako! Wewe takaa kwa kiti tu. Sisi tapiga picha ya kiti.”

“Wewe nyamaza, kunywa chai,” Habuba alisema.

Nabila hakucheka. Alimshika bibi yake mkono. “Mimi tapiga hiyo picha,” alisema. “Wewe nacheza, mimi napiga.”

Tangu siku hiyo alisuka kuliko zamani. Vidole vilimuuma. Idi ilipofika hakununua gurbaba mpya, na wenzake walimtania. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Nabila aliinama kweli kweli.

Pesa zilipokusanyika, Siraji alimpa ushauri bila kuulizwa.

“Nunua ile iko na lenzi murefu, kama ya watu napiga picha za mpira. Watu naona, naogopa.”

Nabila aliona ni maneno ya maana. Harusini, mpiga picha mwenye kamera kubwa hupewa soda kabla hajaketi. Mwenye kamera ndogo huulizwa kama amekuja kuosha vyombo. Basi alisafiri kwenda mjini Arua, na moyoni ameshachagua: kamera kubwa, lenzi ndefu.

Chini ya Arua Hill kuna studio ya Kevina. Mama huyu amepiga picha za harusi miaka mingi, na anauza kamera mpya na zilizotumika. Binti yake, Daisy, hufanya kazi naye.

“Karibu, dada. Nakusaidia nini?” Kevina aliuliza.

“Mimi nataka ile,” Nabila alisema, akionyesha kamera yenye lenzi ndefu kuliko zote.

Kevina hakuitoa. “Ngoja kidogo. Wewe napiga picha wapi?”

“Koboko. Kwa chumba ya wanawake, harusini.”

“Chumba iko kubwa?”

“Ndogo. Watu mingi. Taa iko moja tu, tena hafifu.”

“Na watu nakaa, ama nacheza?”

“Nacheza! Tena sana!”

“Basi shika hii unayotaka. Piga picha ya Daisy pale ndani.”

Nabila aliingia katika chumba cha nyuma. Alifunga dirisha, akavuta pazia, kwa sababu alitaka giza kama la Koboko. Akamwomba Daisy acheze. Daisy ni Mlugbara, doluka haijui, lakini alirukaruka kwa moyo wote. Nabila aliweka jicho kwenye kidirisha cha kamera. Aliona sikio. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Sasa aliona sikio na shavu. Alibonyeza, na picha ilitoka nyeusi, na Daisy kama moshi.

“Huyu iko moshi tena!” Nabila alisema. Hasira zilimpanda. Alikuwa karibu kutoa pesa zake zote kununua sikio la Daisy.

Kevina alicheka, kisha akaweka kamera nyingine mezani. Aliizungusha lenzi, ikatoka mkononi. Nabila alishtuka, akidhani imevunjika.

“Haikuvunjika,” Kevina alisema. “Kamera yako ya mfukoni, lenzi na mwili iko kitu moja. Hii iko vitu viwili. Wewe nachagua mwili, wewe nachagua lenzi. Watu mingi namaliza pesa kwa mwili. Lakini lenzi ndiyo jicho. Lenzi ile murefu iko ya mutu anasimama mbali, kama kwa mpira. Wewe iko karibu.”

“Na giza je?”

Kevina alichukua lenzi fupi, nene kidogo. “Angalia ndani. Iko tundu. Tundu ni kama mulango. Mulango nafunguka sana, mwanga mingi naingia. Kwa lenzi naandikwa namba. Namba ndogo, tundu kubwa. Hii iko moja nukta nane. Lenzi ya kawaida, ile nauzwa pamoja na kamera mpya, haifunguki hivi.”

“Kwa nini mwanga mingi nasaidia mutu nacheza?”

“Kwa sababu mwanga ikiwa mingi, kamera nafunga jicho haraka. Ikifunga pole pole, mutu naacha moshi. Ikifunga haraka, mutu nasimama hata kama naruka.”

Nabila alirudi gizani na lenzi fupi. Haikuwa na uwezo wa kuvuta kitu cha mbali. Alipotaka Daisy awe mkubwa, ilimbidi asogee kwa miguu yake. Kidirisha kilimwonyesha Daisy mzima, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Alibonyeza. Kamera haikufikiri. Ilipiga papo hapo.

Hata hivyo Nabila hakulipa. Kioo cha kamera ni kidogo, alisema, nacho kinaweza kudanganya. Aliomba kuiona picha kwenye kompyuta. Kulikuwa na chenga chenga kidogo, kwa sababu kamera ilikuwa imeongezewa usikivu wa mwanga ili ione gizani. Lakini macho ya Daisy yalionekana, na hata jasho la pua.

“Hii ndiyo,” Nabila alisema.

Pesa zake hazikutosha mwili mpya pamoja na lenzi ile. Kevina alimpa mwili uliotumika, lakini kwanza alimfundisha kuukagua. Walipiga picha ya karatasi nyeupe, kuona kama kuna madoa ya vumbi. Walielekeza lenzi kwenye mwanga, kuona kama ina ukungu ndani. Waliangalia kamera imeshapiga picha ngapi, maana mwili huchoka kama gari. Nabila aliichaji betri na kuitumia mchana kutwa, akaona haizimiki ovyo. Ndipo akalipa.

“Usiende nayo harusini leo na kesho,” Kevina alimwonya. “Zoeza mukono kwanza. Na ile ndogo usitupe. Iko ya akiba.”

Siraji alipoiona alisikitika. “Sasa hii iko fupi! Nani taogopa?”

“Mimi hapana tafuta mutu wa kuogopa,” Nabila alijibu.

Kila siku alifanya mazoezi ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Aliwaita ndani kuku wa jirani, akawapiga picha wakigombania mtama. Mwanzoni walikuwa moshi wenye midomo. Baadaye kila unyoya ulionekana. Kuku hao walichoka naye, lakini yeye hakuchoka nao.

Siku ya harusi ilifika. Chumba kilijaa, taa ilikuwa ile ile moja. Siraji alimleta Habuba hadi mlangoni, akawaambia wanawake wamkalishe kitini, asisimame. Walimkalisha. Nabila alishapanga kamera yake mapema: tundu wazi kabisa, jicho la kufunga haraka. Akasimama mbele ya bibi yake, akangoja.

Ngoma ikaanza. Habuba alitikisa bega moja, kisha la pili. Halafu fimbo ikaanguka sakafuni, na Habuba hakuwa tena kitini. Wanawake walipiga vigelegele. Nabila alibonyeza.

Wiki iliyofuata picha ilirudi kutoka Arua, imechapishwa kubwa. Habuba aliishika kwa mikono miwili. Aliitazama, na machozi yakamtoka. Kisha akamwita Siraji.

“Soma hii.”

“Hii haina maandishi, Habuba.”

“Soma miguu.”

Siraji akaangalia. Fimbo ilikuwa sakafuni. Gurbaba ilikuwa imefunguka upande mmoja. Habuba alikuwa anacheka, na miguu yake yote miwili ilikuwa hewani.

Siraji aliinuka. Alikwenda kutafuta nyundo na msumari. Habuba alimwonyesha mahali: ukutani mkabala na mlango, mgeni aione kabla ya kusalimia.

“Na ile ya kitambulisho?” Nabila aliuliza.

“Ile iko ya serikali,” Habuba alisema. “Hii ndiyo ya mimi.”