Tundu la Milimita Tisa na Nusu

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024. Asubuhi hiyo mvua nyembamba ilinyesha Baraka, na rasi ya Ubwari haikuonekana.

Albert, msagaji wa muhogo, alikuwa amelala chali kando ya mashine yake, amekufa. Injini ilikuwa imeng'oka kwenye kitako chake cha chuma na kumpiga kifuani.

Kufikia saa nne, Inspekta Néhémie alikuwa amekwisha kumfunga Manirakiza, mkimbizi kutoka Burundi aliyewasha injini hiyo. Watu walisema kalegeza bolti, naye akawasikiliza. Nje ya kituo cha polisi walikuwa wakidai wakabidhiwe mtu huyo.

Mchana alirudi kwenye mashine, moyo haumpi raha. Akaokota bolti mbili zilizochomoka. Bolti iliyolegezwa hutoka safi. Hizi zilikuwa zimenyofoa chuma cha kitako, kikabaki kimejaa kwenye nyuzi za bolti.

Akamwita Jacques, fundi na shemasi, aliyetengeneza kitako kile.

"Yaya Jacques," alimwita kwa heshima ya kaka mkubwa, "tundu la bolti ya milimita kumi linatobolewa kwa meshi ya ngapi?"

"Nane na nusu, chefu. Hata mutoto anajua."

Néhémie alifungua bolti ya tatu, iliyobaki mahali pake. Akatumbukiza meshi, keekee ya milimita nane na nusu, tunduni. Ikachezacheza kama mguu wa mtoto ndani ya buti la baba yake. Ile ya tisa na nusu ndiyo iliyopita ikigusa kuta.

"Na hii?"

Jacques aliinamisha kichwa.

"Nyuzi zako hazikuwa na kina, yaya. Zilishika kwa kucha tu. Kwa nini?"

"Taro ya kuchonga nyuzi iko moja tu, ya mafundi wote. Tundu likiwa dogo, inabana. Niliivunja mwezi wa tatu, nikaivunja tena mwezi wa nane. Eddy, fundi mwenzangu, akaniita Shemasi Vunja-Taro. Hata bamama ba soko baliniita vile. Nikatoboa kubwa, ipite bila kubana. Nikasema Mungu atashikilia."

"Mungu hakuchagua meshi. Na Manirakiza? Hukusikia anavyopigiwa kelele?"

"Nilisikia. Nikaenda kuomba."

"Ulimwombea?"

"Apana, chefu. Niliomba usipime."

Néhémie mwenyewe asubuhi hakupima kitu. Alimwuliza Manirakiza kwao ni wapi, basi.

Kituoni, Jacques alikiri mbele ya umati na mbele ya Clarisse, mjane wa Albert. Hakuna aliyecheka. Eddy alijifanya anafunga kamba za viatu. Pingu zikatoka kwa Manirakiza zikaingia kwa shemasi.

Manirakiza alisugua vifundo vya mikono yake, hakuondoka.

"Chefu, kesho kitu kikipotea hapa Baraka, utakuja kwangu tena?"

Néhémie alivua kofia.

"Naahidi mbele ya hawa wote, na Mungu anasikia: sitakuja kukufunga kwa sababu tu umetoka Burundi."