Nani Kazizima Taa za Kanopi?

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya safari, Dereva alifungua mlango wa nyuma wa pikapu, akabonyeza swichi, na taa hazikuwaka. Akabonyeza tena. Akaigongagonga kwa kidole kama anayemwamsha mlevi. Wapi! Giza lilikuwa limejikalia ndani ya kanopi kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuita fundi, basi. Kwa Dereva, aliyeendesha malori mpaka nywele zikamhama kichwani, ulikuwa msiba. Kanopi ile, kibanda cha bati na vioo kilichofunika sehemu ya mizigo, ndiyo ingekuwa chumba cha kulala cha mkewe njiani. Daktari alikwisha sema ya kusema: mapafu ya mama yule yamechoka, na muda uliobaki ni mfupi. Mkewe aliwahi kutamka kwamba angependa kuliona tena ziwa walikoanzia maisha, na Dereva akaapa kumfikisha. Tatizo lilikuwa moja. Mama yule hakuweza kulala gizani. Akizinduka kwenye giza pumzi humpotea, akatapatapa kama anayezama. Bila taa za kuwaka usiku kucha huku gari limezimwa, hakuna safari.

Dereva aliinua godoro, akatazama, akaliacha likaanguka. Kisha akampigia simu mdogo wake.

"Njoo. Waya wa taa umekatwa."

"Umekatika au umekatwa?"

"Nimesema umekatwa!"

Mdogo wake huyo alikuwa mpelelezi mstaafu wa polisi. Mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Shangazi. Ilisemwa kwamba aliwahi kumfanya mwizi wa ng'ombe akiri kwa kumtazama tu huku akimenya chungwa, na kwamba ng'ombe naye alikiri. Hilo la ng'ombe alilieneza mwenyewe. Alifika kabla chai haijachemka, miwani moja machoni, nyingine kichwani.

"Umeibiwa nini kingine?" aliuliza.

"Hakuna. Betri ipo, redio ipo, tairi la akiba lipo."

"Geti?"

"Lilifungwa kwa ndani tangu jioni. Ila mlango wa kanopi haufungwi, kitasa kibovu."

Shangazi akapanda nyuma, magoti yakilalamika. Waya ulitokeza kwenye tundu la sakafuni, chini ya ukingo wa godoro, na hapo ndipo ulipokatwa, mara moja, safi, kama uzi. Plaizi ingeubana na kuuminya kwanza. Pembeni ya tundu, kwenye bati, kulikuwa na doa jeusi lenye punje ndogo ya chuma kilichoyeyuka. Akalipitishia kucha, likakwaruza.

"Kaka, kabla hujainua godoro, shuka ilikuwaje?"

"Ilikuwa imechomekwa vizuri, pembe zote."

"Na jana uliiacha hivyo?"

"Mimi? Jana niliitupia tu. Unanijua."

Alimjua. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa fyuzi ya waya ule iliyokaa jirani na betri. Ilikuwa imeungua, nyeusi tii.

"Unamshuku nani?"

Dereva hakusita. "Cheche, yule fundi. Jana nilimwambia mbele za watu kwamba nyaya zake zimekaa kama utumbo uliomwagika. Akanijibu nitamkumbuka. Jioni akarudi eti kasahau tochi yake. Kama si yeye..." Akaitazama nyumba.

"Kama si yeye?"

"Kuna mtu humu ndani aliyenifokea jana kwamba nampeleka mama yake kufia barabarani."

Saa mbili Shangazi alikuwa gereji. Fundi umeme wa magari, ambaye jina la Cheche alilipata siku alipounguza nyusi zake mwenyewe, alikuwa chini ya lori, miguu tu nje.

"Toka, nikuone uso."

"Mama, mimi uso wangu hauna ushahidi."

"Toka hivyo hivyo."

Akatoka. Kusikia habari, akashika kiuno. "Waya wangu? Ule niliouvuta jana kutwa?"

"Nieleze ulivyouvuta."

"Zamani taa za kanopi zilidandia waya wa taa za nyuma za gari. Ukichomoa ufunguo, giza. Mzee akataka moto wa moja kwa moja, yaani umeme usiolala. Nikatoa waya mpya betri, nikaweka fyuzi, nikaupitisha ndani ya mpira kando ya chesisi mpaka sakafuni kwenye kanopi. Huo ufunguo uwepo usiwepo, una moto."

"Nani analijua hilo?"

"Mimi, mzee na kijana wake. Jioni tulizijaribu, ufunguo mfukoni mwa mzee, taa zinawaka nyeupe pee! Mzee karibu acheze. Akatuomba tufunge midomo, anataka kumshtukiza mkewe njiani. Mama mwenyewe alikuwa kalala."

"Nawe ungetaka kuukata, ungefanyaje?"

"Ningechomoa fyuzi kwanza, mama! Nikate waya wenye moto juu ya bati? Plaizi ikigusa bati tu, paa! Nyusi zangu zimeota juzi tu hizi."

Shangazi alirudi nyumbani polepole kuliko alivyokwenda.

Alimkuta kijana, kitinda mimba wa nyumba ile, uani akifua, akizikamua nguo kama ana kisasi nazo.

"Najua umekuja kunikamata," alisema bila kugeuka.

"Pingu nilirudisha serikalini. Ulimfokea baba yako?"

"Nilimfokea. Mama hawezi hata kufika bafuni bila kupumzika njiani, yeye anazungumzia ziwa! Shangazi, mgonjwa huyu anatakiwa hospitali, si kwenye pikapu."

"Kwa hiyo ulikata waya."

"Nilitamani." Akageuka, macho mekundu. "Ningeweza kuchomoa ile fyuzi nikaitupa chooni, nani angejua? Ni mimi niliyemmulikia Cheche tochi akiifunga. Nimelala nikiifikiria. Asubuhi nikasikia Baba anapiga kelele, nikajua kuna aliyeniwahi."

Nyuma yao mlango ulifunguka kwa kishindo. Dereva alikuwa amesikia nusu, na nusu ile ilimtosha.

"Ulitamani! Kumbe! Toa nguo zako kwenye kamba hiyo uondoke kwangu. Na siku nikifa usije kunizika!"

"Kaka, subiri."

"Nisubiri nini? Amekiri!"

"Amekiri kutamani. Nipe mpaka saa saba. Ukimfukuza mtoto kabla ya hapo, mimi nawe basi."

Kijana alikuwa amesimama na shati la mama yake mkononi, maji yakichuruzika miguuni pake.

Saa nne Shangazi aliingia chumbani kwa wifi yake. Mama yule alikuwa amekaa kitini, mto nyuma ya mgongo, cherehani yake ya zamani ikiwa mbele yake kama rafiki aliyekuja kumjulia hali. Alikuwa akishona kifungo kwa mkono. Akakata uzi kwa meno.

"Karibu, wifi. Nasikia umepewa kazi. Pensheni haitoshi?"

"Haitoshi kuwalisha wanaokula kwa maneno kama wewe. Mkasi uko wapi, mpaka ule uzi?"

"Umepotea."

"Mkasi ule? Uliokuwa ukitukataza hata kukatia karatasi? Wifi, ule ulikuwa nao kabla ya mume."

"Basi umechoka na mimi, umekwenda zake." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Shangazi akamshika mabega mpaka kikapita.

"Nani kakata waya, wifi?"

"Panya."

"Panya anayekata mara moja?"

"Panya fundi." Alivuta pumzi, kidogo kidogo. "Na kwa vile gari lilikuwa limezimwa, ufunguo uko chini ya mto wa kaka yako, hata mshtuko asingeutarajia. Ufunguo ukitoka gari ni maiti. Mwenyewe amelisema hilo tangu tuoane."

Shangazi aliinua mkono amwekee wifi yake sawa kanga mabegani, akaona kitanda nyuma yake, shuka imechomekwa, pembe zote nne. Katika kazi yake yote hakuna kesi aliyowahi kutamani imshinde. Hii aliitamani. Angeweza kwenda kusema ni panya, naye angeaminiwa. Lakini kule uani palikuwa na kijana mwenye shati lililolowa mkononi.

"Wifi," alisema, "kaka anamfukuza mtoto. Kasema asije kumzika."

Sindano ilisimama hewani.

"Saa saba nitawaita wote. Nitazungumza mimi, au utazungumza wewe."

Saa saba walikaa sebuleni: Dereva mlangoni kama askari wa zamu, kijana dirishani, mama kwenye kochi, Cheche kwenye kigoda kwa sababu alikataa kukalia kitambaa na ovaroli lake.

"Aliyekata waya," Shangazi alianza, "hakuwa mwizi, maana hakuchukua kitu. Hakulichukia gari, maana hakugusa kingine chochote. Alikata kitu kimoja tu, kile ambacho bila hicho Kaka asingeondoka. Pili, hakutumia plaizi. Alitumia mkasi mkali wa kukatia kitambaa. Tatu, aliukata waya ukiwa na moto. Mkasi ukagusa bati, ukatoa cheche, fyuzi ikaungua, na doa lipo. Sasa, wanaojua kwamba waya ule una moto hata gari likizimwa ni watatu, na kila mmoja wao angechomoa fyuzi kwanza. Aliyekata aliamini kwamba ufunguo ukitoka, gari limekufa. Na alipomaliza," sauti yake ikapungua, "akatandika shuka upya. Hakuweza kujizuia."

Dereva alikuwa bado anamkodolea mwanawe. Ilichukua muda shingo yake kugeuka.

Mama alitia mkono nyuma ya mto wa kochi, akatoa mkasi, akauweka mapajani. Kwenye ubapa mmoja palikuwa na pengo jeusi, kama pameng'atwa.

"Nilijikokota usiku, taa ya nje ikiwaka, nikipumzika kila hatua chache. Mlipuko ukanirusha mpaka nikakaa chini," alisema. "Nilidhani nimekufa humo humo, nikasema basi, Mungu kanirahisishia."

"Mke wangu," alisema Dereva. "Si ulitaka ziwa?"

"Nalitaka mpaka leo."

"Sasa?"

"Sasa nikifia njiani, nani atanirudisha?"

Mama akaugeuza mkasi mapajani.

"Utanirudisha wewe. Peke yako, mikono kwenye usukani, mimi nyuma. Kama ulivyomrudisha binti yetu, kwa gari hili hili." Kijana alishtuka; ndani ya nyumba ile binti yule hakuwahi kutajwa tangu azikwe. "Ulishuka siku ile ukiwa mtu mwingine, mzee wangu. Mwaka mzima ulikuwa unakula ukitazama ukuta. Ukaamka usiku unakanyaga breki kitandani. Mimi nilikuwepo, nikakuokota kipande kipande. Safari hii sitakuwepo. Nani atakuokota?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje bila kumtaja?"

Dereva alitoka mlangoni, akapiga magoti mbele ya kochi, taratibu, kama gari bovu linaloteremka mlima. Akageuka kwa mwanawe na kumwambia, "Mwanangu, nisamehe," na kijana akaja akakaa sakafuni pamoja nao. Cheche alikuwa akiipangusa miwani ambayo hakuwa nayo.

Shangazi aliona kwamba kesi imekwisha na hakuna lililokwisha.

"Wifi," alisema, "unaogopa safari, au unaogopa kurudi?"

"Kurudi. Kwake yeye."

"Basi kurudi nitaendesha mimi."

"Wewe? Wewe unaendesha kama unamfukuza jambazi."

"Nitakuendesha kama nimebeba mayai. Kaka atakaa nyuma na wewe, vyovyote utakavyokuwa. Hatagusa usukani."

Mama aliuweka mkasi kando. "Vyovyote?"

"Vyovyote."

Cheche aliinuka, akasema waya ule ni kazi ya dakika chache, na fyuzi anazo mfukoni.

Waliondoka alfajiri ya kesho yake, Dereva usukani, Shangazi kando yake, kijana akibaki kuangalia nyumba, na ziwa waliliona. Mama alikaa ukingoni kwenye kiti cha kukunja, miguu ndani ya maji, akamtania mumewe kwamba amezeeka kuliko ziwa. Siku ya pili, mchana, baada ya kula vizuri, aliegemea bega lake akalala, na hakuamka.

Shangazi alitimiza ahadi. Alikwenda hospitali, akapata karatasi zote za kusafirisha maiti, akaziweka juu ya dashibodi, akakamata usukani. Nyuma, chini ya taa nyeupe, kaka yake alikaa kando ya godoro akizungumza. Alizungumza milima na mabonde, wakati mwingine akicheka, wakati mwingine akisimama kama anayengoja jibu. Jina la binti yao lilipita mara kadhaa. Maneno yalipoanza kumfikia wazi, Shangazi alinyoosha mkono akasukuma kioo kidogo cha kati mpaka kikafungika.

Karibu na mji askari wa barabarani aliwasimamisha. Alikuwa askari mpole. Aliangalia leseni, akasikia sauti nzito ikinong'ona nyuma ya bati.

"Nani yuko nyuma, mama?"

"Kaka yangu na mkewe."

"Hawachoki! Wanazungumza nini safari yote hiyo?"

"Sikuuliza," alisema Shangazi, akatia gia.