Mita Nne Chini ya Mourière

Jirani yetu Basile Follonier aliongoza wapanda milima kwa miaka thelathini na minne, na katika kijiji chetu kizima cha Les Haudères, huku kwenye milima ya Uswisi, hapakuwa na mtu aliyemdhania baya. Yaliyompata Aprili ile amenisimulia mwenyewe, jikoni kwake, macho yake yakiwa ndani ya kikombe. Ya mwisho sikusimuliwa. Niliyaona.

Siku ilianza vizuri. Kulipopambazuka alitoka kwenye kibanda cha wapanda milima akiwa na Solange, binti wa marehemu rafiki yake Candide. Walikuwa wamekula mkate mweusi, nyama kavu na chai ya moto. Chini ya skii zao, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, wakabandika ngozi zinazomzuia mtu kurudi nyuma anapopanda, wakaanza kukwea taratibu kuelekea mto wa barafu wa Mourière. Anga lilikuwa safi kabisa.

“Ba'mdogo, hayo magoti yanalia mpaka nayasikia huku,” Solange alimtania.

“Yanakulilia wewe. Yanajua utachoka kabla yangu.”

Solange alikuwa muuguzi kule mjini Sion, mwanamke wa miaka thelathini na moja. Alianza kumwita Basile ba'mdogo akiwa na miaka tisa, mwaka ule baba yake alipotumbukia kwenye ufa wa Mourière na asionekane tena. Basile ndiye aliyekuwa naye siku hiyo. Basile ndiye aliyeteremka peke yake kuleta habari. Na ni Basile huyohuyo aliyemfundisha Solange skii, na siku ya harusi yake akamshika mkono kumwingiza kanisani. Solange alikuwa na ombi moja tu: apelekwe akapaone mahali pale. Miaka mitatu Basile alikwepa. Mwaka wa nne akakosa kisingizio.

Walipofika kwenye tambarare ya juu, Solange alisimama kunywa maji. Akauliza huku akitazama pembeni:

“Alikufa palepale, siyo?”

“Palepale,” Basile akajibu. “Hata hakujua kilichompata.”

Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa waokoaji, kwa polisi, kwa Léonie mjane wa Candide, na kwenye misa ya mazishi ambayo haikuwa na jeneza. Yalikuwa yametoka mara nyingi hata ulimi ukayazoea.

Ukweli ulikuwa huu. Siku ile kamba ilikuwa ndani ya begi la Basile. Candide alitaka wafungane. Basile akamcheka, akamwambia wakipoteza muda na kamba watakuta bia imeisha. Nusu saa baadaye theluji ilifunguka na kummeza Candide. Lakini hakufa. Alivunjika mguu tu. Sauti yake ilipanda kutoka chini, imetulia, ya mtu anayemwamini mwenzake: “Basile, teremsha kamba. Nipo hapa karibu.”

Ukingo wa ufa ulikuwa unameguka. Basile alilala kifudifudi mbali kidogo, kamba mkononi, na hofu ikamgandisha. Alimsikiliza Candide kwa saa moja na nusu. Kisha akairudisha kamba begini, akaondoka, na sauti ikimwita mgongoni.

Bondeni waokoaji walimuuliza kama alisikia chochote kutoka chini. Angesema ndiyo, wangeuliza kamba ilikuwa wapi. Akasema hapana. Basi kwa kuwa aliyekuwa kule ni maiti, hakuna aliyehatarisha roho yake katika dhoruba iliyokuwa inaingia. Walingoja siku tatu. Walipopanda, theluji ilikuwa imefunika kila kitu, hata ufa wenyewe hawakuuona.

Kama saa nne asubuhi, ukungu ulimwagika kutoka upande wa Italia. Ulikuja upesi. Vilele vikatoweka, halafu mteremko, halafu ncha za skii. Wakafungana kamba, Basile mbele, mita kumi na tano kati yao. Kila mmoja alikuwa amevaa kifuani ile redio ndogo ambayo mtu akifukiwa na theluji, wenzake humtafuta kwa kufuata mawimbi yake.

Solange aliteleza, akaangukia kifua. Alipoinuka, redio yake ilikuwa inalia. Swichi ilikuwa imetoka upande wa kutuma mawimbi ikasogea upande wa kutafuta.

“Ba'mdogo, simama kwanza. Hii kitu imeharibika.”

“Inasemaje?”

“Inasema watu wawili.”

Basile aligeuka. Hakumwona; aliona kamba tu ikiingia kwenye weupe.

“Mmoja mita kumi na tano, huyo ni wewe,” Solange akasema. “Mwingine thelathini na moja.”

“Kutakuwa na kundi lingine limetupita.” Akapaza sauti, “Ohe! Nani huko?”

Hakuna aliyeitika. Hapakuwa na mlio wa skii, wala kikohozi.

“Ishirini na mbili sasa,” Solange alisema. “Kumi na tisa. Anakuja.”

Wakangoja. Kumi na mbili. Tisa. Walitazama kila upande. Ukungu haukutikisika. Nne.

Namba ikaganda hapo.

Basile alirudi akiifuata kamba hadi akamfikia Solange. Akaishika redio mwenyewe. Akapiga hatua tano kushoto. Nne. Akapiga hatua kumi mbele. Nne. Miaka yote ya kazi yake ilimwambia maana yake, na hakutaka kuisema.

“Zima ya kwako tuone,” Solange alinong'ona.

Akaizima. Kwenye kioo mtu mmoja akafutika. Mwingine akabaki.

“Yuko chini yetu,” Solange akasema. “Chini ya miguu yetu. Tukienda, naye anakwenda.”

“Tuondoke.”

“Ngoja.” Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anavyomsikiliza mgonjwa kifua. “Kuna mtu anaongea.”

“Ni upepo, Solange.”

Hapakuwa na upepo.

“Anakuita jina. Anasema… anasema uteremshe kamba. Anasema yupo hapa karibu.”

Maneno yale hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Hata padri hakumwambia. Basile akapiga magoti, na yale aliyoyabana kwa miaka ishirini na miwili yakamtoka hovyo hovyo: kamba begini, mguu uliovunjika, saa moja na nusu, lile hapana alilowajibu waokoaji.

Solange hakulia. Alinyoosha mkono.

“Nipe begi.”

“Mwanangu, huyo si…”

“Nipe begi!”

Mbele yao theluji ilikuwa imetoboka tundu jeusi, upana wa ndoo. Hakuna aliyeliona likifunguka. Solange alitoa kamba ya akiba, akachimbia sululu yake ya barafu ukingoni, chini ya kamba, ili kamba isikate theluji, akaiteremsha. Mita moja. Mbili. Nne.

Kamba ikakaza.

Haikunasa. Ilishikwa. Ikavutwa mara tatu, polepole, kama walivyozoea wapanda milima kuarifiana kwamba tayari. Na chini mle wote wawili wakasikia mtu akishusha pumzi.

“Vuta,” Solange alisema. “Ba'mdogo, ni mzito. Vuta!”

Basile alishika. Walivuta pamoja. Mita moja ikapanda. Mita ya pili. Kitu kikakwaruza barafu chini yao, kikitafuta pa kukanyaga. Mita moja tu ilibaki. Basile akaona kamba imeanza kutetemeka pale kwenye mdomo wa tundu, na juu ya kamba, vikipanda gizani, vidole vinne.

Akaachia.

Hakuamua. Aliniapia hivyo mara nyingi, na sijui kama namwamini. Aliona tu mikono yake mwenyewe imefunguka. Kamba ilimpita Solange viganjani ikamchuna ngozi. Hapakuwa na kelele. Pumzi tu, ile ile, ikishuka mbali.

Redio ikasema sita. Kumi na moja. Ishirini na tisa. Kisha hakuna mtu.

Ukungu ulipoondoka walikuwa wamekaa kwenye theluji nyeupe isiyo na kovu. Tundu halikuwepo. Sululu ilikuwa pale ilipochimbiwa, na kamba ilikuwa imelala juu ya theluji, kavu.

Waliteremka. Solange alitangulia, viganja vinavuja damu kwenye glavu. Walipofika mpaka kwenye nyumba za kwanza za kijiji, alimngoja.

“Ile ya kwanza ulikuwa na hofu,” alimwambia. “Hata mimi ningeweza kuogopa. Lakini leo alikuwa karibu kukushika mkono.”

Jioni ile Basile alikwenda kwa Léonie akamwambia yote. Kwa kweli hakutaka. Solange alisimama mlangoni mpaka alipomaliza. Léonie hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kama Candide alimtaja yeye, mkewe. Basile akasema kwamba ndiyo, alimtaja, yeye na mtoto, mwishoni kabisa. Léonie akamwomba atoke.

Theluji ilianguka tena, nyepesi, ikakoma alfajiri. Asubuhi Basile alikuja kugonga mlango wangu, hana hata koti.

“Wewe ni fundi wa skii,” alisema. “Njoo unitazamie kitu.”

Alama zilitoka msituni juu ya kijiji, mahali pasipo na njia. Zilikuwa za skii mbili nyembamba. Nikazipima: milimita sitini na tano. Nimetengeneza skii kwa miaka arobaini. Nyembamba namna ile ni za zamani; siku hizi vijana wanazitundika ukutani kuwa mapambo. Mstari wa kulia ulikuwa umezama vizuri. Wa kushoto uliburutwa tu, kama wa mtu asiyeweza kuukanyagia mguu ule.

Zilifika kwenye uzio wa Léonie. Hapo theluji ilikuwa imeshindiliwa kama mtu amesimama muda mrefu akiangalia nyumba. Kisha zikavuka barabara, moja kwa moja, mpaka chini ya dirisha la chumba anacholala Basile. Ncha za skii ziligusa ukuta. Hapakuwa na alama za kurudi. Hapakuwa na nyayo za viatu.

Theluji ya kijiji iliyeyuka ndani ya siku nne. Ile mistari miwili haikuyeyuka. Iligeuka barafu, na siyo barafu ya huku kwetu, bali ile ya buluu iliyokomaa, inayotoka kwenye tumbo la milima. Basile aliichimba kwa sepeto, akaimwaga mtoni. Kesho yake ilikuwepo. Akaimwagia maji ya moto. Mwezi wa sita, nyasi zilipofika magotini na ng'ombe wameshapandishwa malishoni, niliinama chini ya dirisha lake nikaigusa kwa kidole, na kidole kikanata.

Ilikuwa imesogea. Sasa ilianza kupanda ukutani.