Gololi Juu ya Fuawe

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, mikono miwili ilikuwa imeshika mpini wa jiliwa moja, kibanio kizito cha chuma cha mezani kwa fundi. Karakana kongwe ya pampu ilikuwa imefungwa na vyombo vyake vilikuwa vikiuzwa uani, watu wakisukumana kati ya mafungu ya chuma chakavu. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwanamume aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, vazi ambalo mahali pale lilionekana kama mzaha. Wa pili ulikuwa wa mwanamke mwenye ovaroli ya buluu na kitambaa chekundu kichwani, kimetobolewa na cheche za moto vitundu vidogo vidogo.

"Kaka, mimi ndiye niliyeanza kulishika," alisema mwanamke.

"Umelishika sawa. Mimi nimelipenda tangu pale getini."

"Basi wewe endelea kulipenda. Mimi nalibeba."

Alijaribu. Jiliwa lilikuwa na uzito wa kilo arobaini na tano. Mwanamume alisubiri kwa adabu mpaka alipolitua, kisha akashika upande wa pili.

Kabla hawajafika nje ya geti walikuwa wameshapatana: mwanamume angeliondoa kutu na kuling'arisha, mwanamke angelitumia. Mwanamume aliitwa Kioo, kwa kuwa alisugua vyuma vya watu mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Mwanamke aliitwa Cheche. Alikuwa mhunzi, binti wa mhunzi. Baba yake, ambaye masikio yake yalikuwa yamezibwa na miaka arobaini ya nyundo, alikuwa bado anafua chuma pamoja naye kila siku.

Miezi saba ikapita, na mingi ya miezi hiyo ilikuwa ya simu.

"Umekula?" Cheche aliuliza.

"Nimeshiba sauti yako, mpenzi."

"Maneno yako leo umeyapiga msasa namba ngapi?"

"Elfu mbili."

"Ndiyo maana yanateleza. Kesho njoo na msasa wa kukwaruza kidogo, nikuamini."

Kulikuwa na kitu kimoja tu kwenye karakana ya Cheche ambacho Kioo hakuweza kukipita bila vidole kumwasha: fuawe ya mzee, lile pande la chuma ambalo vyuma vya moto hupigiwa juu yake. Ilikuwa nyeusi, kongwe kuliko mzee mwenyewe, na uso wake ulikuwa umebonyea katikati kama godoro lililolaliwa na mtu mmoja miaka yote. Kioo hakuwahi kuuliza kwa nini hakuna aliyeinyoosha.

Cheche na baba yake walipokwenda kwa shangazi kwa siku mbili, Kioo aliachiwa funguo ili amalizie jiliwa. Alilimaliza kabla ya saa sita mchana. Kisha akawasha grainda na kuigeukia fuawe. Alifanya kazi kwa muda wa saa tisa, kwa uangalifu mkubwa, mpaka uso wote ukawa sawa, unang'aa. Alijua kila kitu kuhusu sura ya chuma. Hakuwa amewahi kupiga chuma hata siku moja, na lile ambalo kila mhunzi analijua, yeye hakulijua.

Jumapili saa mbili asubuhi wenyewe waliingia. Kioo aliivuta turubai aliyokuwa ameifunikia fuawe.

"Nataka tuoane," alisema. Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi ndefu zaidi, ikapotea.

Cheche hakumtazama. Alikuwa anamtazama baba yake. Mzee aliweka kiganja juu ya fuawe, akakitelezesha hadi katikati, akapapasa pale palipokuwa na mbonyeo, akarudia kupapasa. Kisha akaingia chumbani kwake, nyuma ya karakana, na kufunga mlango.

"Nenda," alisema Cheche.

"Sijamaliza kusema..."

"Nenda, tafadhali."

Kioo alipiga simu mara kumi na moja kwa siku tatu. Jumatano alasiri ikapokelewa.

"Kama hunitaki niambie," alisema. "Kuninyamazia hivi si haki."

"Unadhani ni habari ya ndoa?"

"Nimekuomba ndoa, ukanifukuza. Ulitaka nidhani nini?"

Upande wa pili hakukusikika mvukuto wa kupulizia moto wala nyundo. Kioo hakuwahi kuisikia karakana ile ikiwa kimya saa za kazi.

"Kioo, kwani unajua ulichofanya?"

"Nimesawazisha fuawe iliyobonyea."

"Mle kwenye mbonyeo ndimo tulimokuwa tukinyooshea vyuma. Na ule uso wa juu ni bamba la chuma kigumu, jembamba, limeungwa juu ya chuma laini. Likiisha ndiyo limeisha. Umelisaga ukalifagia na vumbi. Baba hajatoka chumbani tangu Jumapili. Chakula narudi nacho kama nilivyokipeleka. Anasema umemfuta."

Kioo alikaa juu ya kreti. "Sikujua."

"Najua hukujua. Hilo ndilo linalonitisha. Umekuta kitu cha watu, hukuuliza, ukakirekebisha. Nikiolewa na wewe, mimi utaanza kunirekebisha wapi?"

Simu ikakatwa.

Alhamisi alikwenda kwa mhunzi mwingine, upande wa pili wa mji, akamsimulia yote. Mhunzi alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka alimpa gololi moja ya chuma na maelezo mafupi: idondoshe kutoka vidole kumi juu ya fuawe, tazama inaruka vidole vingapi. Tisa, fuawe iko hai. Chini ya tano, una gogo la chuma tu.

Ijumaa saa tisa alasiri Kioo alisimama mlangoni kwa Cheche bila grainda.

"Sikuja kurekebisha," alisema. "Nimekuja kuuliza. Naomba tuipime."

Cheche aliitazama gololi kwenye kiganja cha Kioo, akatambua ni ya nini. Alichukua chaki.

Ncha ya kushoto, nne. Ncha ya kulia, tatu. Cheche aliandika kila namba pale pale gololi ilipoangukia, na Kioo alitazama kazi yake ya saa tisa ikijaa alama kama daftari la mtoto aliyefeli. Walisogea kuelekea katikati. Tano. Sita. Katikati kabisa gololi iliruka, ikakaribia kugusa vidole vya Kioo.

"Tisa," alisema.

"Rudia."

"Tisa."

"Lete hapa." Cheche aliidondosha mwenyewe. Tisa. Alibaki ameinama juu ya chaki. "Hapa hukufika."

"Hapa palikuwa chini. Nilishusha ncha mpaka zikalingana napo, nikaacha."

Cheche alipima kwa mikono: viganja viwili na nusu vya chuma kigumu, pale pale mzee alipokuwa akipiga.

"Kingo zimekufa," alisema Cheche. "Kona za mageti sitapinda tena hapa."

"Najua."

"Hujui. Utajua." Alikwenda kuwasha moto. "Vua shati."

"Mbele ya baba yako?"

"Litaungua, mjinga wewe. Shika koleo."

Aliingia ndani, akatoka na mzee amemshika kiwiko. Mzee alikuwa amekonda, na fulana ilikuwa ile ile ya Jumapili. Hakumtazama Kioo, na shikamoo ya Kioo hakuiona. Cheche alikiweka kiganja cha baba yake ubavuni mwa fuawe, kwa kuwa masikio yasingemwambia kitu. Akatoa motoni chuma chekundu, Kioo akakikamata kwa koleo, nyundo ikashuka katikati.

Kioo alifumba macho. Pigo la pili, akafumba tena.

"Na lile swali langu?" aliuliza.

"Uliza tena siku utakayoshika chuma bila kufumba macho."

Saa kumi na dakika ishirini mzee aliondoa mkono ubavuni mwa fuawe. Alilishika koleo mikononi mwa Kioo, akalisogeza vidole viwili kulia, akamwashiria bintiye apige. Cheche akapiga. Macho ya Kioo yalibaki wazi.