Kipa Huulizwa

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule na kufagia nyumba, Komeo huenda saluni kwa shangazi yake kusukwa. Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye kioo kirefu ukutani, benchi la wateja na kigoda kifupi. Kigoda hicho ndicho chake. Akishakikalia, shangazi humbana kichwa katikati ya magoti, na hapo mtoto hana ujanja tena mpaka msuko wa mwisho ufungwe. Akigeuza shingo kidogo tu, kitana kinamgonga utosini.

"Tulia, wewe! Nikikosea utatoka na njia ya panya kichwani."

Jina la Komeo alilipatia uwanjani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, kipa wa timu ya wasichana ya shule yake, na mipira ilikuwa haimpiti. Wenzake wakasema huyu si kipa, huyu ni komeo la mlango. Basi jina likaganda, hata walimu wakalisahau lile la nyumbani.

Jumamosi hiyo, kigoda kilimchoma kama kimejaa miiba. Jana yake timu yao ilikuwa imeshinda nusu fainali ya mashindano ya mtoano, bao moja kwa bila, na mtaa mzima haukuwa na habari nyingine. Saluni ilijaa. Waliokuja kusuka walikuwa wachache kuliko waliokuja kubishana.

"Lile lilikuwa goli!" alifoka Mama Mkaa, mwanamke mwenye sauti nene aliyeuza mkaa ng'ambo ya barabara. Binti yake alichezea timu iliyofungwa, na ndiye aliyepiga lile shuti la dakika za mwisho. "Binti yangu kapiga, mpira umegonga mlingoti, umeingia ndani, kipa wenu kaufuata huko huko ndani akaurudisha nje. Tumeibiwa mchana kweupe!"

"Mmeibiwa na nani?" shangazi alidakia, vidole vyake vikiendelea kusuka. "Wewe mwenyewe ulikuwa umesimama nyuma ya lori la mchanga. Uliona nini zaidi ya matairi?"

Watu wakaangua kicheko. Komeo hakucheka. Kwenye kioo alijiona yeye mwenyewe, na nyuma yake akaziona nyuso zote zilizokuwa zikibishana.

"Mimi nilikuwa kwenye kona," alisema Muuguzi, mteja wa siku zote, aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Vumbi lilitimka, sikuona kitu. Lakini kanuni si ipo? Kipa huulizwa."

Naam, kanuni ilikuwepo. Uwanja wao haukuwa na nyavu, wala refa hakuwa na wasaidizi wa kukaa pembeni. Kwa hiyo, tangu mashindano hayo yaanzishwe, walikubaliana hivi: refa asipoona kama mpira umevuka mstari wa goli, atamwuliza kipa. Kipa ataweka mkono juu ya mpira na kujibu mbele ya watu wote. Akishajibu, yamekwisha. Wageni waliisikia kanuni hiyo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wenyewe walijivunia.

Na jana Komeo aliulizwa. Refa alifika akihema, vumbi likiwa bado hewani. "Kipa, mpira umevuka?" Komeo alijua. Aliuona mpira ukipita kando ya kisigino chake, ukavuka chokaa yote, ndipo akajirusha na kuuvuta. Lakini nyuma ya refa wenzake walikuwa wameshikana mikono, macho yamewatoka, wanamngojea. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Haukuvuka, refa."

Filimbi ikalia, mchezo ukaendelea, wakashinda. Wenzake walimbeba juujuu hadi nyumbani. Usiku hakupata usingizi.

"Kipa kaulizwa, sawa," Mama Mkaa aliendelea. "Lakini refa mwenyewe ni nani? Si Fundi? Na jezi za timu yao kashona nani? Si huyo huyo Fundi? Haya, jumlisheni wenyewe."

"Unataka kusema kahongwa?"

"Mimi sisemi. Ila kitambaa changu nimekifuata asubuhi, na wenzangu nao wamechukua vya kwao. Nani atampa nguo mtu asiye na haki? Leo alasiri kamati inakaa uwanjani. Filimbi atavuliwa, na asikanyage tena pale."

Fundi alikuwa dada mshonaji aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la pili. Ndiye aliyemshonea Komeo glavu zake za ukipa kwa mabaki ya mapazia, akaweka sifongo ndani, na hakutaka malipo. "Ukivaa hizi usiukimbie mpira," alimwambia siku hiyo. Na sasa watu walikuwa wanaziondoa nguo zao kwake kama wanaokimbia nyumba yenye ugonjwa.

"Shangazi, naomba nitoke kidogo."

"Utoke uende wapi? Upande mmoja umesukwa, upande wa pili uko kama kuku aliyenyeshewa! Kaa hapo."

Magoti yakambana zaidi. Komeo akatazama mlango kwenye kioo. Ulikuwa wazi kabisa, ila kwake ulikuwa kama umefungwa.

"Mnabishana bure," Muuguzi alisema. Akainuka, akaweka makopo mawili ya mafuta ya nywele sakafuni, karibu kabisa na miguu ya Komeo. "Hii hapa milingoti." Akatandika uzi mweusi kutoka kopo hadi kopo. "Huu mstari." Akaviringisha nywele za bandia zikawa donge, akamtia Komeo mkononi. "Na huu mpira. Wewe ndiye uliyekuwepo, mwanangu. Hebu uweke pale ulipokuwa."

Wote wakainama. Hata shangazi aliacha kusuka, ila kichwa hakukiachia. Komeo alilitazama lile donge mkononi mwake. Angeweza kusema. Lakini shangazi alikuwa amemtetea tangu asubuhi, na wenzake walishaanza kufua jezi za fainali. Akanyoosha mkono, akaliweka donge juu ya uzi.

"Juu ya mstari!" shangazi alipaza sauti kwa furaha. "Mpira ukiwa juu ya mstari si goli. Nilisema mimi!"

"Huyo kafundishwa la kusema," Mama Mkaa alinung'unika.

Hapo hapo Fundi akatokea mlangoni, amekunja mkononi aproni ya shangazi aliyokuwa akiishona upya mifuko. Filimbi ilining'inia shingoni mwake.

"Hamjambo?"

"Hatujambo," walijibu wachache, kwa shida.

Mama Mkaa hakuwa mtu wa kusengenya tu. Alisimama akamwambia usoni, "Fundi, watu wanasema umehongwa."

"Nimesikia, mama," Fundi alijibu. Hakuyakwepa macho yake. "Mimi sikuona. Nilikuwa mbali, na vumbi lilikuwa vile. Nikamwuliza kipa, kipa akanijibu. Mtoto huyu namjua, hajawahi kunidanganya. Mkinitaka nimkatae leo kwa sababu ya makelele, basi ile kanuni tuifute. Mimi naenda kwenye kamati kuwarudishia filimbi yao kabla hawajaniomba."

Akamgeukia Komeo, akatabasamu kidogo, akampigapiga begani. "Usiwe na wasiwasi, kipa wangu. Haya ni mambo ya wakubwa."

Afadhali angemzaba kofi. Komeo alimfuata kwa macho kwenye kioo, akamwona anatoka, anapita kando ya cherehani yake iliyofunikwa, anakata kona. Akainama kwa nguvu hata nywele zikamvuta, akalisukuma lile donge. Likavuka uzi, likaenda kusimama ndani kabisa, karibu na mguu wa benchi.

"Ulikuwa hapa," alisema.

"Nini?" shangazi aliuliza.

"Mpira. Ulivuka wote, Shangazi. Niliuona kwa macho yangu. Fundi aliniuliza, nikamdanganya." Machozi yakamshinda.

Ungedhani Mama Mkaa angeruka juu kwa ushindi. Badala yake aliketi polepole, akaitazama mikono yake yenye weusi wa mkaa. "Na mimi nimezunguka mtaa mzima namwita mwenzangu mla rushwa," alisema. "Jamani, mdomo wangu huu!"

Shangazi alifungua magoti. "Inuka."

"Shangazi, nywele..."

"Si ulikuwa unataka kutoka? Basi toka sasa hivi, kamati haitakungoja usukwe. Nitakwenda na wewe. Nimepiga kelele kukutetea, na aibu hii tutaibeba wote wawili."

Wakatoka mbio mbio. Watoto wa mtaani walipokiona kile kichwa, walipata la kusema. "Oneni, nusu kichwa nusu bei!" Komeo alisikia yote, lakini hakusimama.

Walimkuta Fundi mbele ya kamati, filimbi ameshaivua, ameishika kiganjani. Komeo alipita katikati ya watu waliokuwa wakimshangaa, akasema kwa sauti iliyokauka, "Mpira ulivuka. Refa hana kosa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Mwenyekiti wa kamati alimwuliza tena, na tena, kama ametumwa na mtu. Hakutumwa. Kamati ikaamua: goli lihesabiwe, matokeo ni sare, mshindi apatikane kwa penalti Jumatatu jioni. Fundi alivaa tena filimbi yake. Kisha akamvuta Komeo kando.

"Umeniumiza, mwanangu, sikufichi," alisema. Komeo aliinamisha kichwa, upande uliosukwa na upande usiosukwa.

Jumatatu wenzake hawakumsemesha. Nahodha ndiye pekee aliyefungua kinywa. "Ungekaa kimya tu. Nani angejua?" Komeo alivaa glavu zake za mapazia akaenda golini peke yake.

Penalti zilipigwa, timu zikawa bado nguvu sawa. Akaja binti wa Mama Mkaa. Aliupiga mpira kwa nguvu zote. Ukagonga mwamba, ukadunda chini, vumbi likatimka, na Komeo akaudaka kifuani. "Goli!" upande mmoja ulipiga kelele. "Si goli!" wakajibu wengine. Fundi alikuja mbio. Vumbi lilikuwa limemziba tena. Akasimama mbele ya kipa, na uwanja mzima ukatulia kuona kama atamwuliza.

Akamwuliza. "Mkono juu ya mpira. Umevuka?"

"Haukuvuka, refa."

Mtu mmoja akaanza kuzomea. "Nyamaza!" Mama Mkaa alimkemea kutoka ng'ambo, na aliyepiga mpira ule alikuwa binti yake wa kumzaa. "Huyo mtoto alijitoa mwenyewe mbele ya kamati na nusu kichwa. Akisema haukuvuka, haukuvuka!" Hakuna aliyebisha tena.

Timu ya Komeo ilishindwa hata hivyo, kwani nahodha wao alipaisha penalti iliyofuata, na iliyokuja baada ya hapo Komeo hakuifikia. Walilia, wakashikana mabega, na nahodha akamvuta Komeo naye aingie kati yao.

Watu walipotawanyika, Mama Mkaa alikuwa wa kwanza kumfuata Fundi, kitambaa chake kikiwa kwapani. Alimwomba radhi mbele za watu, kisha akamwomba amshonee. Fundi alikipokea kitambaa, akamwita Komeo.

"Ijumaa ulisema 'haukuvuka,' nami nusura nipoteze kazi yangu na jina langu," alimwambia. "Leo umesema neno lile lile, na uwanja mzima ukanyamaza, hata walioumia nalo. Unajua kwa nini? Kwa sababu Jumamosi ulisema ukweli uliokugharimu wewe mwenyewe. Watu humwamini mtu wa namna hiyo. Shika hapo, mwanangu. Mwakani mpira utakapodunda mstarini, nitakuja kukuuliza tena."